Ukuta wa Rungwe na Picha Zisizoiga: Maumbo ya Jiometri na Mchanganyiko wa Vifaa katika Uchoraji wa Kisasa

Mtu aonapo kwa mara ya kwanza picha isiyo na sura ya binadamu, wala mnyama, wala mti, aghalabu huuliza: "Hii ni picha ya nini?" Swali hilo ni la haki mbele ya picha ya mzee aliyeketi au ya ng'ombe malishoni, kwa kuwa mchoraji wake ameahidi kuonyesha kitu, na mtazamaji anaweza kuipima ahadi hiyo. Lakini mbele ya picha ya miraba, pembetatu na mistari mitupu, swali hilo huzaa moja la makosa mawili. Kosa la kwanza ni dharau: mtazamaji asipopata jibu husema kwamba mchoraji hajui kuchora. Kosa la pili ni ramli: kila pembetatu hufanywa mlima, kila doa jekundu hufanywa damu, na kila duara hufanywa jua, hata picha ikageuka kitendawili ambacho jibu lake limetungwa na mteguaji mwenyewe.

Liko swali jingine lililo bora, nalo ni hili: kila umbo lililomo linafanya kazi gani, na kila kifaa kilichotumika kinafanya kazi gani ambayo kifaa kingine kisingeweza kuifanya? Swali hili halina budi kuulizwa zaidi katika zama hizi, ambapo wachoraji hawatosheki na rangi peke yake, bali huchanganya rangi na mchanga, karatasi, nguo, kamba na mbao katika picha moja. Tena swali hili halikuzaliwa Paris wala Moscow. Mjenzi wa zamani wa wilaya ya Rungwe alilijibu kila alipojenga nyumba, na ukuta wake waweza kuwa kipimo cha kuhukumia picha nyingi za kisasa.

Yafaa kuanza na nchi yenyewe. Tukuyu, mji ambao Wajerumani waliuita Neu-Langenburg walipoweka boma lao hapo mwanzoni mwa karne ya 20, umo katika nyanda za juu kusini mwa mlima Rungwe, ambao kimo chake chakaribia mita 3,000. Milima ya huko ni ya volkano, na udongo wake ni wenye rutuba. Mvua nayo ni nyingi kupita kiasi cha sehemu nyingi za Tanzania, kwani Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Nchi ya namna hii humpa mjenzi mianzi, nyasi na udongo bila choyo, kisha humpelekea mvua iwezayo kuvunja yote aliyoyafanya. Kila jambo lihusulo umbo la nyumba ya Kinyakyusa lafaa kutazamwa kati ya ukarimu huo na hatari hiyo.

Wageni waliopita huko zamani waliziona nyumba hizo wakazistaajabia. Joseph Thomson, Mskoti, alifika kaskazini mwa ziwa Nyasa mwaka 1879, na habari za safari yake zikachapishwa mwaka 1881. Friedrich Fülleborn, daktari wa Kijerumani, alitoa mwaka 1906 kitabu kikubwa juu ya nchi za Nyasa na Ruvuma, na ndani yake zimo picha za nyumba za watu hao. Baadaye Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti wao Rungwe kati ya mwaka 1934 na 1938. Katika habari hizo mna nyumba za duara, na tena mna nyumba ndefu za mstatili ambamo watu na ng'ombe wao walilala chini ya paa moja. Aina zote mbili zasifiwa kwa unadhifu.

Umbo la nyumba ya duara ni rahisi kulisema: chini ni umbo la ngoma, juu ni umbo la pia iliyopinduliwa. Lakini urahisi huo ni wa hesabu, wala si wa kazi. Mianzi iliyosimamishwa hufanya mistari ya wima iliyokaribiana, nayo hubeba uzito wa paa. Fito zilizofungwa kuizunguka hufanya mistari ya mlalo, nazo huizuia mianzi isitawanyike. Udongo ulioshindiliwa kwa mkono katikati yake huziba upepo na kushika joto la moto. Nyasi za paa hushuka kupita ukuta, zikaufunika kwa kivuli, ili mvua ya Rungwe ianguke mbali na udongo. Mtazamaji aliyesimama mbele ya nyumba hiyo huona wima, mlalo, duara na hanamu, na kila moja ya hizo haiwezi kuondolewa bila nyumba kudhurika.

Juu ya ujenzi huo ndipo ulipopakwa udongo wa rangi. Hapa mhakiki yampasa awe mwangalifu, kwa maana ndipo wengi wanaposema neno "mapambo" na kufunga mjadala. Udongo mweupe uliopakwa juu ya udongo wa kahawia haufichi kitu kilicho chini yake kama rangi ya kopo ifanyavyo. Ni udongo juu ya udongo. Haung'ai, hunywa mwanga. Palipo na alama ya kidole au ya kiganja, alama hiyo hubaki, na jua la pembeni likiipiga hufanya kivuli chembamba. Kwa hiyo ukuta wa rangi mbili huonekana kuwa na rangi tatu, kwa sababu kivuli nacho kimeingia katika hesabu, tena hubadilika tangu asubuhi hata jioni. Mistari, pembetatu na mikanda iliyopakwa huitikia mistari ya mianzi na fito: mkanda huzunguka pale fito inapozunguka, na sehemu iliyogawanywa kwa rangi huwa imekwisha kugawanywa kwa mwanzi. Mchoro umetoka katika ujenzi, haukuja kubandikwa juu yake.

Hii ndiyo kanuni ambayo ukuta wa Rungwe wamfundisha mhakiki. Vifaa vinne, yaani mwanzi, udongo, nyasi na rangi ya ardhi, vimekutana mahali pamoja; na kila kimoja kinafanya lisilowezwa na kingine. Mwanzi hauwezi kuzuia upepo, udongo hauwezi kusimama peke yake kwa wembamba ule, nyasi haziwezi kubeba uzito, na rangi haina pa kukaa isipopewa udongo. Mchanganyiko wa vifaa ukiwa na sababu ya namna hii, mtazamaji hauoni kuwa mchanganyiko. Huona kitu kimoja.

Sasa kanuni hiyo na ipelekwe mbele ya uchoraji wa kisasa. Mwaka 1912 Pablo Picasso alitengeneza picha ndogo ya umbo la yai, akabandika ndani yake kipande cha kitambaa cha mpira kilichochapishwa mfano wa kiti cha kusukwa, kisha akaizungushia kamba. Watu wengi huitaja picha hiyo kuwa mwanzo wa kubandika vitu katika uchoraji wa Ulaya. Ikipimwa kwa kipimo cha Rungwe, yatoka salama. Kamba ile yafanya kazi ya fremu, yaani kuonyesha mwisho wa picha; na papo hapo yaifanya picha ionekane kama meza yenye ukingo. Kitambaa kilichochapishwa kimefanya yale ambayo brashi ingeyafanya kwa taabu, tena kimemwachia mchoraji nafasi ya kuuliza ni kipi kilicho cha kweli zaidi: kiti kilichochorwa au kiti kilichochapishwa kiwandani. Kila kifaa kina neno lake la kusema. Mwaka huo huo Georges Braque alianza kutia mchanga katika rangi zake, nao mchanga ulifanya kazi iliyo dhahiri: ulizuia jicho lisiteleze juu ya picha kama juu ya kioo. Mtu wa Rungwe aliyeuona ukuta uliokandikwa kwa mkono hahitaji kuelezwa jambo hilo mara mbili.

Kazimir Malevich ni mfano wa namna nyingine. Katika maonyesho ya Petrograd ya mwaka 1915 alitundika picha ya mraba mweusi juu kabisa katika pembe ya chumba, mahali ambapo katika nyumba za Warusi huwekwa picha takatifu. Mraba huo, ukichapishwa kitabuni, ni mraba tu. Lakini katika pembe ile ulikuwa na mahali pake, na mahali ndipo palipoupa uzito. Kadhalika pembetatu ya ukutani Rungwe, ikinakiliwa katika karatasi, hupoteza mianzi iliyokuwa ikiijibu. Tena Piet Mondrian, ambaye wengi humdhani kuwa mtu wa mistari safi na rangi safi basi, alipokuwa New York alitumia vipande vya utepe wa rangi alipokuwa akitafuta mahali pa mistari yake. Picha yake ya mwisho, aliyoianza mwaka 1942, ilibaki bila kumalizika alipofariki mwaka 1944, na vipande hivyo vimo ndani yake hata leo. Utepe ulikuwa na kazi: ulimruhusu kuondoa mstari na kuurudisha kabla ya kukata shauri. Hivyo hata mchoraji aliyejulikana kwa ukali wa jiometri alihitaji kifaa cha pili, naye alikitumia kwa sababu.

Lakini kanuni ile ile huhukumu kwa ukali picha nyingine nyingi. Zipo picha za siku hizi, Afrika Mashariki na kwingineko, ambazo mchoraji amebandika kipande cha kitenge, ganda la kauri, mchanga au kipande cha gunia, na ukiuliza kwa nini, jibu ni kwamba picha ionekane "ya Kiafrika" au "ya kisasa". Kauri ikiondolewa, mahali pake pakapakwa doa jeupe, picha haikupungukiwa na kitu. Hapo kifaa hakifanyi kazi. Kimeajiriwa kama shahidi wa kuthibitisha asili ya mchoraji mbele ya mnunuzi. Jiometri nayo huweza kutumiwa hivyo hivyo: mistari ya kuvunjika na pembetatu za safu hupangwa pembezoni mwa picha kama ukindu ukingoni mwa mkeka, nazo hazijibizani na chochote kilichomo katikati. Picha ya namna hiyo ni dhaifu kuliko ukuta wa mjenzi yeyote wa kijijini, ijapokuwa imetiwa saini na kuuzwa kwa fedha nyingi.

Kwa upande mwingine wapo waliofaulu. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 hivi na kufariki mwaka 1972, alitumia mbao nyembamba za mraba na rangi zing'aazo za kupakia baiskeli. Yeye hakuwa mchoraji wa maumbo matupu, maana alichora wanyama na watu. Walakini vifaa vyake vilitawala umbo. Rangi ile haichanganyiki kwa ulaini kama rangi ya mafuta ya wasanii, basi mnyama husimama kwa mpaka mkali juu ya ardhi ya rangi moja, na madoa yake huwa safu za nukta. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kupata tuzo ya Turner huko Uingereza mwaka 2017, alitengeneza mwaka 2007 kazi ya vyombo 100 vya mezani vilivyokwisha kutumika, akachora juu yake watu na mapambo kuhusu biashara ya utumwa. Hapo sahani haikuwa mahali pa kuchorea tu. Utajiri uliokula katika sahani hizo ndio uliokuwa ukishtakiwa. Ondoa sahani, weka kitambaa kilichowambwa, na nusu ya maneno hupotea. Kipimo cha Rungwe chakubali kazi zote mbili.

Hapa huzuka pingamizi lenye nguvu, nalo lastahili jibu. Yasemwa kwamba ukuta wa nyumba si picha; kwamba uchoraji usioiga huko Ulaya ulikuwa uasi dhidi ya karne nyingi za kuiga, lakini mpaka ukuta wa Rungwe hakuwa na kitu cha kuasi. Yasemwa pia kwamba picha ni ya mtu mmoja aliyeitia jina lake, na ukuta ni wa jamii. Katika hayo mna kweli. Malevich alikuwa akikataa jambo, na kukataa huko ni sehemu ya maana ya mraba wake. Mpakaji wa ukuta hakukataa kitu, bali alikuwa akimaliza nyumba. Kuwaita wote wawili kwa jina moja ni kuwadhulumu wote wawili. Lakini pingamizi hilo lahusu nia na historia; halihusu namna sehemu za kazi zinavyoshikana. Mashairi mawili yaweza kutungwa kwa nia mbalimbali yakapimwa kwa mizani ile ile, na hakuna anayeona ajabu.

Hasara ya kukataa mizani hiyo imekwisha kuonekana katika historia ya sanaa ya Afrika Mashariki. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937, aliwahimiza wanafunzi wachore maisha ya kwao, na wengi wao walichora hadithi za watu: Sam Ntiro wa Uchagani ndiye mfano mashuhuri. Trowell huyo huyo alitoa mwaka 1960 kitabu juu ya mapambo ya Afrika, akayapanga kwa vifaa vyake: kuta mahali pake, mikeka mahali pake, nguo mahali pake, vibuyu na vyungu mahali pake. Kitabu hicho kimehifadhi mengi, na shukrani ni haki yake. Lakini mpango wake wagawa kile ambacho nyumba imekiunganisha. Hivyo picha yenye watu ikapewa jina la sanaa, na ukuta wenye jiometri ukapewa jina la ufundi. Kijana wa Tukuyu anayetaka kuchora bila kuiga hujikuta akiambiwa kwamba anamfuata Mzungu, hali nyumba za babu zake zilijaa maumbo yasiyoiga.

Wala si haki kuusifu ukuta huo kwa kuwalaumu walioacha kuujenga. Zamani wavulana wa Kinyakyusa walianza kujijengea vibanda vyao wakiwa na umri wa miaka 10 au 11, wakakaa na wa rika lao mbali na nyumba za baba zao. Na kizazi kilipopokea madaraka kwa sherehe ya ubusoka, nchi ilipangwa upya. Kujenga kulikuwa elimu ya kila kizazi, na mkono ulijua kwa kurudia. Desturi hiyo ilipolegea, watu walipokwenda kutafuta mishahara katika machimbo ya dhahabu ya Lupa na kwingineko, na mapato ya kahawa yalipowezesha kununua mabati, nyumba ya matofali ilikuja na faida zake za kweli. Bati halishiki moto kama nyasi, wala halihitaji kuezekwa upya baada ya miaka michache. Mkulima aliyechagua bati alichagua kwa akili. Tena mtu akitazama nyumba za matofali za Tanzania ataona nyingi zenye mkanda wa rangi nyeusi au ya kahawia chini ya ukuta, penye kurukiwa na matope ya mvua. Mkanda huo ni mstari wa jiometri wenye kazi, na ni ndugu wa mbali wa mikanda ya udongo.

Swali ni kama maumbo yaweza kuhama kutoka ukutani bila kufa. Afrika Kusini yatoa mfano. Esther Mahlangu, Mndebele aliyezaliwa mwaka 1935, alijifunza kupaka kuta kwa mama yake na bibi yake, na mwaka 1991 alilipaka gari la BMW kwa maumbo hayo hayo. Maumbo yalisafiri, na sifa zake zikaenea duniani. Lakini ardhi haikusafiri. Rangi ikawa ya kiwandani, na mstari ukafuata bati la gari badala ya pembe ya nyumba. Katika Burkina Faso, kwa upande mwingine, makao ya kifalme ya Tiébélé, ambayo kuta zake hupambwa na wanawake wa Kikasena, yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Huko ukuta umebaki ukuta. Njia hizo mbili si za kushindanishwa, ila kila moja ina bei yake, na mhakiki yampasa aitaje bei hiyo kabla ya kupiga makofi.

Kazi inayobaki yahusu lugha pia. Wahakiki wa Kiswahili wanapoandika juu ya uchoraji usioiga hutumia neno "dhahania", ambalo laelekea mawazoni, kana kwamba picha hiyo ipo kichwani mwa mtu. Neno hilo lina matumizi yake, lakini halimsaidii mtazamaji kuona. Waashi, waezekaji na wasusi wanayo maneno yaliyo karibu zaidi na jicho na mkono: kukandika, kusiriba, kushindilia, kuwamba, kusuka, hanamu, ukingo, upapi, wizani. Mhakiki akisema kwamba rangi katika picha fulani "imesiribwa" na katika nyingine "imekandikwa", msomaji wa Kiswahili ataona tofauti ambayo maelezo marefu yasingeionyesha. Akisema kwamba mstari wa hanamu "umebeba" au "umening'inia tu", hukumu imekwisha kutolewa kwa lugha ambayo mjenzi wa Rungwe angeielewa.

Kwa hiyo kuta za udongo ambazo bado zimesimama katika wilaya hiyo zastahili kuandikwa kwa vipimo: upana wa mikanda, nafasi kati ya mianzi, mahali ulipochimbwa kila udongo wa rangi, na jina lake katika Kinyakyusa. Picha za kamera pekee hazitatosha, kwa kuwa kamera huonyesha mchoro na kuacha sababu. Mvua ya Tukuyu haingoji, na mzee aliyejua ni udongo upi ushikao juu ya upi hataishi milele. Kazi hiyo ikifanywa, mchoraji kijana atakapochukua gunia na mchanga na rangi ili atengeneze picha ya miraba, atakuwa na mahali pa kwenda kuuliza kama gunia lile lina kazi.